Kovu la Mkono wa Kushoto

Hotuba hii niliitoa Kisumu mbele ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, machifu na wazazi. Wengi walioshindwa kufika wameniomba maneno yake, nami nayaweka hapa yote kama yalivyosemwa, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Mheshimiwa mwenyekiti, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii, machifu, akina mama na akina baba, hamjambo?

Kabla sijatamka neno sera, naomba kila mmoja wetu apandishe mkono wa nguo upande wa kushoto na atazame kati ya kiwiko na kiganja. Mnaliona? Kovu dogo la mviringo, limebonyea kidogo, kama mahali punje ya mahindi ilipokandamizwa kwenye udongo wenye maji. Wengine hamnalo, na kulikosa si ushahidi kwamba hamkuchanjwa, kwa maana ngozi hazifanani. Jirani zetu wa Uganda na Tanzania la kwao liko juu, karibu na bega, ndiyo sababu watu wa Busia hutaniana kwamba mkono unatosha kuwa kitambulisho mpakani. Hilo ndilo kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na hotuba yangu yote ya leo inaanzia hapo na kuishia hapo.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Nakuru, kisha huku ziwani. Siku moja alinijia kijana mwendesha bodaboda kutoka Kondele, amekonda, shati limelowa jasho ilhali asubuhi ilikuwa ya baridi. Alikuwa amekohoa kwa miezi mitatu. Nyumbani kwao wazee walikuwa wameanza kunong'onezana kuhusu chira, ile laana ya kuvunja miiko ambayo Waluo husema humkondesha mtu. Makohozi yake yalipopimwa yakaonyesha kifua kikuu. Nilipomweleza, hakulia wala hakuuliza dawa ni za muda gani. Aliniwekea mkono wake wa kushoto juu ya meza, akagonga lile kovu kwa kidole, akaniuliza: "Sista, si mlimwambia mamangu kwamba hili ni la TB?"

Ndugu zangu, mngemjibu nini?

Mimi siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia chanjo hupungua nguvu, nikageukia mgonjwa mwingine. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno kwa swali zito kama lile, na nadhani taifa zima limekuwa likilijibu swali hilo kwa ufupi uleule. Leo nataka kulijibu kwa utaratibu.

Chanjo hii ilitengenezwa Ufaransa na wataalamu wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walioanza kazi mjini Lille mwaka 1908. Walichukua bakteria ya kifua kikuu cha ng'ombe, wakaiotesha kwenye vipande vya viazi vilivyowekwa nyongo, wakaihamisha kutoka chombo hadi chombo zaidi ya mara 200 kwa miaka 13, hadi ikapoteza ukali wake. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris, ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo, alinyweshwa dozi ya kwanza. Tazameni ni nani aliyepewa kwanza: ni mtoto mchanga, aliyezaliwa katika nyumba yenye kifua kikuu. Miaka zaidi ya mia imepita, na mpaka leo huyo ndiye mtu ambaye chanjo hii inamkinga vizuri kuliko wengine wote. Mtoto mdogo akiambukizwa, bakteria hupenya upesi ndani ya damu, ikasambaa mwilini kote au ikashika utando wa ubongo, na mtoto akifa au akipona na ulemavu mara nyingi huwa ni kwa njia hiyo. BCG huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo mazito.

Je, inamzuia mtu mzima asipate kifua kikuu cha mapafu? Hapo ndipo penye utata. Uingereza, katika miaka ya 1950, wanafunzi wa umri wa miaka 14 na 15 waliochanjwa walikingwa kwa takriban asilimia 77. Kusini mwa India, katika wilaya ya Chingleput, jaribio lililoanza mwaka 1968 na kuhusisha zaidi ya watu 250,000 halikuonyesha kinga yoyote dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima. Ni chanjo ileile, na matokeo yalitofautiana kama usiku na mchana. Wataalamu wengi huona kwamba katika nchi za joto watu hukutana mapema na bakteria nyingine za udongoni na majini ambazo ni za ukoo mmoja na ile ya kifua kikuu, na mwili uliokwisha kuzizoea hauongezewi mengi na chanjo. Wengine huongeza kwamba mtu aliyekwisha kuambukizwa hafaidiki. Kwa vyovyote vile, kijana wangu wa Kondele alichanjwa akiwa mchanga, kovu lake lilimlinda katika miaka ambayo angeweza kufa kwa kifua kikuu cha utando wa ubongo, na alipofika umri wa kubeba abiria ulinzi huo ulikuwa umekwisha. Hakudanganywa. Aliambiwa nusu ya habari.

Na ugonjwa wenyewe, hapa kwetu, uko kwa nani? Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016, kwa kuwafuata watu vijijini na mitaani badala ya kuwangojea hospitalini, ulikuta watu wazima 558 wenye kifua kikuu katika kila 100,000. Wengi walikuwa wanaume, hasa wa umri wa miaka 25 hadi 34. Karibu wanne katika kila wagonjwa kumi hawakuwa wamegunduliwa wala hawakuwa kwenye tiba. Huyo ni kijana wa bodaboda, ni mvuvi wa Dunga, ni mpakiaji wa magunia Kibuye. Kwa maneno mengine, chanjo yetu iko kwa mtoto na ugonjwa unaosambaa uko kwa baba yake. Nawaomba mshike picha hiyo, kwa sababu kila pendekezo la kubadilisha sera linapaswa kupimwa kwayo.

Sasa, wapo wanaosema: kama haimlindi mtu mzima, na kama nchi tajiri zimeiacha, kwa nini sisi tunaendelea nayo? Hoja hii nimeisikia hata kwa wasomi. Ni kweli kwamba Uswidi iliacha kuwachanja watoto wote mwaka 1975, kwamba Uingereza iliacha kuwachanja wanafunzi wote mwaka 2005, na kwamba Ufaransa iliondoa sharti la lazima mwaka 2007. Marekani haikuwahi kabisa kuwachanja watoto wake wote.

Lakini hebu niwasimulie jambo la nyumbani kwangu. Binti yangu anaishi Uingereza, na huko ndiko alikojifungulia mjukuu wangu. Mtoto alipofikisha kama mwezi mmoja alipigiwa simu na kliniki, aende akachanjwe BCG. Binti akashangaa, kwa maana jirani yake Mwingereza aliyejifungua wiki ileile hakuitwa. Akanipigia: "Mama, wanatubagua?" Nikamwambia ulizia sababu. Akaambiwa kwamba mtoto yeyote ambaye mzazi wake au babu na bibi yake amezaliwa katika nchi yenye wagonjwa wapya 40 au zaidi kwa mwaka katika kila watu 100,000 hupewa chanjo hiyo, kwa kuwa jamaa watamtembelea na yeye atapelekwa kuwatembelea. Kenya imo, na imo kwa mbali: kiwango chetu ni zaidi ya 200. Mjukuu wangu amechanjwa ng'ambo kwa sababu mimi, bibi yake, nilizaliwa hapa!

Mnaona walichofanya? Hawakuitupa chanjo. Waliufuata ugonjwa mpaka kwenye nyumba ulipobaki. Ndivyo sera inavyobadilika kwa akili: hesabu ya wagonjwa ikishuka, duara la wanaochanjwa hupunguzwa. Sisi hesabu yetu haijashuka kiasi hicho, na atakayetuambia tuwaige katika kuacha bila kuwaiga kwanza katika kupunguza ugonjwa anatuvalisha koti la mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani, katika msimamo wake wa mwaka 2018, linasema waziwazi kwamba nchi zenye kifua kikuu kwa wingi ziendelee kumpa kila mtoto mwenye afya dozi moja mara anapozaliwa au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, na kwamba hakuna sababu ya kuirudia dozi hiyo baadaye.

Mara anapozaliwa. Nayarudia maneno hayo, mara anapozaliwa, kwa sababu hapo ndipo nilipo na deni.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa msimamizi wa zahanati ndogo karibu na ufuo. Kichupa cha BCG, kama wauguzi mnavyojua, huja na dozi ishirini za unga mkavu. Ukishauchanganya na maji yake, una saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Basi tulikuwa na desturi, ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliifuata: kichupa hakifunguliwi mpaka watoto watimie kumi. Siku ya BCG ilikuwa Jumanne. Akaja mama mmoja na mtoto wa siku nne, siku ya Alhamisi. Nikamwambia arudi Jumanne. Alirudi Jumanne, na watoto walikuwa watatu tu. Nikamwambia Jumanne ijayo. Nauli ya kufika pale ilikuwa sawa na mauzo yake ya omena ya siku nzima. Jumanne hiyo ya pili hakuja, nami, nawaambia ukweli wa Mungu, sikugundua kwamba hakuja.

Nilimwona tena mtoto akiwa na miezi saba. Alikuwa na homa, shingo imekakamaa, amedegedega njiani. Tulimpeleka hospitali kubwa ya Kisumu, ile watu wanayoiita Russia, akatibiwa kifua kikuu cha utando wa ubongo. Aliishi. Lakini hasikii mpaka leo. Ndani ya nyumba yao babu alikuwa akikohoa muda wote huo.

Siwezi kuapa kwamba BCG ingemkinga. Hakuna chanjo inayokinga kila mtu, na mimi si mtu wa kuapa ovyo. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilikuwa na kichupa ndani ya jokofu, umbali wa hatua kumi kutoka alipokaa mama yule kwenye benchi, nami nikakihurumia kichupa kuliko mtoto. Bei ya kichupa kizima ni shilingi mia chache tu. Niambieni, wauguzi wenzangu, ni wapi tulikojifunza kwamba dawa iliyomwagika ni hasara na mtoto aliyerudishwa nyumbani si hasara?

Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza kichupa kifunguliwe hata kama mtoto ni mmoja. Wizara yetu haihitaji kusubiri teknolojia mpya kutoka ng'ambo ili kulisisitiza hilo. Inahitaji kununua vichupa kwa hesabu inayokubali kumwagika. Hapo tunafika kwenye fedha. BCG ni miongoni mwa chanjo za zamani ambazo Serikali ya Kenya huzinunua kwa fedha zake yenyewe, tofauti na zile mpya ambazo tunasaidiwa na wafadhili wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo. Bajeti ikichelewa Nairobi, jokofu la Nyakach linakuwa tupu. Mwaka 2025 nchi nzima ilikosa BCG na chanjo ya polio ya matone, na akina mama waliojifungua miezi ile walizunguka kutoka kliniki hadi kliniki. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, lakini ununuzi wa chanjo umebaki kwa serikali kuu, na hapo katikati kila upande hupata wa kumnyooshea kidole. Kama kuna kifungu kimoja ambacho ningekiandika kwa mkono wangu katika sera mpya, kingekuwa hiki: fedha za chanjo za watoto wachanga ziwekewe uzio, zisiguswe kwa sababu nyingine yoyote, na akiba ya miezi kadhaa iwepo nchini wakati wote.

Jambo la virusi vya UKIMWI nitaligusa kwa kifupi, maana katika kaunti hizi za ziwa mtauliza. BCG ni bakteria hai iliyopunguzwa ukali, na kwa mtoto ambaye kinga yake imeharibiwa na virusi inaweza yenyewe kuwa ugonjwa. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili hapewi mpaka dawa zimtulize. Lakini mtoto mchanga wa mama mwenye virusi, ambaye hana dalili yoyote, anachanjwa. Kumnyima kwa hofu ni kumwacha wazi katika nyumba ambayo mara nyingi kifua kikuu kimo. Nimeona wenzetu wakiwarudisha watoto hao kwa kudhani wanafuata kanuni. Someni mwongozo upya.

Sasa tumrudie baba wa mtoto, yule mwendesha bodaboda. Yeye ana nini?

Kwa leo ana vipimo, ana tiba ya miezi sita isiyolipiwa, na waliokaa naye nyumba moja wana dawa za kinga, ambazo siku hizi zinaweza kumezwa mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na mbili. Chanjo yake bado. Lakini ipo moja ambayo inafuatiliwa na dunia nzima, iitwayo M72. Ilijaribiwa kwa watu wazima wapatao 3,500 wa Kenya, Afrika Kusini na Zambia, watu ambao walikuwa wamekwisha kuambukizwa bila kuugua. Baada ya miaka mitatu, upande usiochanjwa ulikuwa na wagonjwa 26, na upande uliochanjwa 13. Nusu. Mimi hesabu hiyo inanipa matumaini, ila nawakumbusha kwamba 13 na 26 ni namba ndogo, zinaweza kusogea. Ndiyo maana tangu mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi linaendelea, la watu wapatao 20,000 katika nchi kadhaa, yetu ikiwemo.

Tuseme matokeo ni mazuri. Nani atamchoma sindano kijana wa Kondele, na wapi? Mfumo wetu wote wa chanjo umejengwa juu ya mama anayebeba mtoto mgongoni. Una mizani ya kupima watoto, una kijitabu cha mama na mtoto, una benchi la akina mama. Mwanamume wa miaka 27 hana kijitabu wala benchi. Akiingia kliniki ile watu humtazama kama amepotea njia. Na M72 ni dozi mbili, mwezi mmoja katikati. Tulijifunza nini kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka kumi? Waliorudi kwa dozi ya pili walikuwa wachache kuliko waliopata ya kwanza, na hao walikuwa watoto wa shule, wanaojulikana darasa lao na mwalimu wao. Itakuwaje kwa mvuvi ambaye leo yuko Dunga na mwezi ujao yuko Mfangano?

Msikate tamaa, kwa maana eneo hili limewahi kuonyesha njia. Chanjo ya malaria ilipotafutiwa mahali pa kuanzia nchini Kenya, ilianzia hapa magharibi, mwezi Septemba 2019, katika sehemu za kaunti nane kuanzia Homa Bay hadi Busia na Kakamega. Mlikuwa nyinyi. Mlibeba majokofu, mlijibu uvumi, mlihesabu dozi nne kwa kila mtoto, na miaka miwili baadaye, Oktoba 2021, dunia ikapendekezewa chanjo hiyo kwa ushahidi uliotoka katika madaftari yenu pamoja na ya wenzenu wa Ghana na Malawi. Kwa wale wanaopenda kujua, kichochezi cha kinga kilichotiwa ndani ya M72 ni cha ukoo uleule wa kile kilichomo katika chanjo hiyo ya malaria. Miili ya watoto wetu inakifahamu tayari.

Na uvumi msiudharau. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, maabara moja ilichanganya BCG na bakteria kali ya kifua kikuu, na zaidi ya watoto 70 wakafa. Chanjo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la maabara. Lakini mzazi anayeuliza maswali kabla ya kutoa mkono wa mwanawe si mjinga wala si mkaidi. Mjibuni kwa urefu, msimjibu kama nilivyomjibu kijana wa bodaboda.

Nina ombi moja tu kwa wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, kisha nitakaa. Daftari letu la chanjo lina safu ya mtoto aliyechanjwa, tarehe yake na namba ya kichupa. Halina safu ya mtoto aliyefika akarudishwa. Ndiyo maana sikugundua yule mama wa omena alipoacha kuja: katika karatasi za serikali hakuwahi kufika. Nikienda Nairobi kuwaambia wataalamu wanaoishauri Wizara kwamba kichupa kifunguliwe kwa mtoto mmoja, wataniuliza ni watoto wangapi wanaorudishwa kwa mwezi, nami sina namba ya kuwapa.

Kwa hiyo nimeleta madaftari ya kawaida, ya kurasa 96, yale ya shule. Nimeyapiga mistari mwenyewe: tarehe, umri wa mtoto kwa siku, kijiji, sababu ya kurudishwa, na tarehe aliyochanjwa hatimaye. Jina la mtoto silihitaji, na jina la muuguzi pia silihitaji. Yamo ndani ya sanduku pale mlangoni, karibu na chai. Kila zahanati ichukue moja. Nitapita kuyachukua baada ya miezi mitatu, nikianzia Nyando.